Golikipa hafungwi peke yake

Ndugu wafanyakazi, ajali ikitokea kazini, swali la kwanza ni hili: «Nani alikuwa kwenye mashine?» Jina likipatikana, mambo yamekwisha. Mtu anapewa barua au anahamishwa, na mwingine anawekwa mahali pake. Mimi nasema: huko si kutafuta chanzo cha ajali. Hapa Kalemie tunapenda mpira. Basi tumtazame Kazadi Mwamba.

Kazadi, aliyezaliwa mwaka 1947, alikuwa golikipa wa Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo tunaiita Mazembe. Ekipi hiyo ilichukua Kombe la Vilabu Bingwa vya Afrika mwaka 1967 na 1968. Alikuwa golini pia taifa letu lilipochukua Kombe la Afrika, Addis Ababa mwaka 1968 na Cairo mwaka 1974.

Lakini wengi wanakumbuka jambo moja tu: magoli 9. Tarehe 18 Juni 1974, katika Kombe la Dunia, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani ya Magharibi, Yugoslavia ilitufunga 9 kwa 0. Je, Kazadi alifungwa mangapi? Matatu. Dakika ya 21 kocha Vidinić alimtoa, akamwingiza Tubilandu. Mara moja goli la nne likaingia, na mengine matano yakafuata.

Golikipa alibadilishwa, hatari ikabaki pale pale. Ilitoka wapi? Beki Mwepu Ilunga alieleza baadaye kwamba wachezaji walikuwa wamepata habari kwamba hawatalipwa. Tena Ndaye Mulamba alitolewa kwa kadi nyekundu, tukabaki 10. Hayo hayakuwa mikononi mwa golikipa. Siku 4 baadaye Kazadi alirudi golini mbele ya Brazil, bingwa wa 1970. Tulifungwa 3 tu.

Mfanyakazi anayeumia ni kama golikipa: hatari imekwisha kuwapita wengine wote kabla ya kumfikia yeye. Kwa hiyo tuulize: Nani aliondoa kizuizi cha mashine, na tangu lini? Taa iliharibika siku gani? Kapita aliambiwa? Alimwambia shefu? Watu walikuwa kazini masaa mangapi?

Mwingine atasema: «Basi kila mzembe atapata kisingizio.» Hapana. Anayevua kofia yake kwa kusudi aambiwe kosa lake. Lakini mahali ambapo kila ajali inamtafuta mtu wa kuadhibiwa, watu wanajifunza kuficha. Anayekatwa kidole kidogo ananyamaza, na kesho mashine ile ile inachukua mkono wa mwenzake.

Kazadi alifariki mwaka 1996, na mpaka leo kuna wanaomhesabia magoli 9. Tusiwahesabie hivyo wenzetu. Ukiona kizuizi kimelegea, sema leo. Nawe kapita, ukiambiwa, usiulize kwanza nani amekilegeza: simamisha mashine, kifungwe.