Sonona si upungufu wa imani

HUZUNI ni maumbile ya mwanaadamu. Nabii Yaaqub (AS) alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakaingia weupe, wala kilio hicho hakikumshushia daraja ya Utume. Lakini iko huzuni isiyoondoka: mtu hukosa usingizi, hamu ya chakula na nguvu ya kazi, akajiona hana thamani, na hali hiyo ikadumu wiki mbili au zaidi. Hiyo ni sonona, nayo ni maradhi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 300 wanaugua, na wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Tuitazame Mara. Katika wilaya za Tarime na Serengeti mabinti wamekuwa wakikeketwa, hasa mwezi wa Desemba, ijapokuwa sheria ya mwaka 1998 ilikataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18. Wengi wamekimbilia vituo vya hifadhi, kikiwamo cha Masanga, Tarime, na Nyumba Salama ya Mugumu, Serengeti. Kidonda cha mwili hufungwa bendeji. Cha moyo nani hukifunga? WHO inaonya kwamba ukeketaji huweza kuleta sonona. Naye aliyekimbia hubeba mzigo wake: kukataliwa na wazazi aliowapenda.

Inasikitisha kuwa binti huyo akinyamaza huambiwa ana kiburi, na akilia huambiwa ana jini au imani yake ni haba. Dua na kisomo vina nafasi yake, lakini Mtume (SAW) aliuamrisha umma wake kutafuta tiba.

Na tiba ipo. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, katika vijiji vya Masaka na Rakai, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulihusu wagonjwa waliokutana kwa vikundi, wanawake mbali na wanaume mbali, mara moja kwa juma kwa wiki 16. Waliwaongoza wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, si madaktari. Wengi mno walipata nafuu.

Basi ni rai yetu kwa wazazi: msikilizeni binti kabla ya kumhukumu, na mfikisheni hospitali mapema. Nao kina mama wa misikiti yetu wanaweza kuanzisha vikao vya namna hiyo. Na aliyemfukuza bintiye kwa kukataa ngariba, amrejeshe nyumbani. Huenda hiyo ndiyo dawa ya kwanza.

Wabillahi Tawfiq.