Muuguzi ni Mlinzi wa Zamu: Mtihani Mpya wa Marekani na Funzo la Gulu

Katika mwezi wa Aprili 2023, Marekani na sehemu kubwa ya Kanada zilianza kuwapima wauguzi wao kwa mtihani wa namna mpya. Mtihani huo, ujulikanao kwa kifupi kama NCLEX, ndio mlango wa leseni. Asiyeufaulu hapewi wodi, hata awe na cheti kizuri namna gani. Wauguzi wa Afrika Mashariki waendao kutafuta kazi Marekani nao hupita mlango huo huo. Yaweza kudhaniwa kwamba habari hii ni ya watu wa hospitali peke yao. Sisi twaona vingine. Askari wa jeshi na wa polisi ni mtu ambaye kazi yake yaweza kumlaza kitandani siku yoyote, na usiku ule maisha yake yatakuwa mikononi mwa muuguzi wa zamu.

Yafaa kwanza tueleze kilichobadilika. Zamani sehemu kubwa ya maswali ilimtaka mtahiniwa achague jibu moja sahihi kati ya manne. Sasa, pamoja na maswali ya namna hiyo, huwekewa mbele yake taarifa za mgonjwa kama zinavyoandikwa wodini. Tuchukue mfano wa mtu aliyetoka kupasuliwa tumbo. Saa mbili usiku moyo wake wapiga mara 88 kwa dakika. Saa tatu mara 104. Saa nne mara 124. Wakati huo huo shinikizo la damu lashuka kutoka 118 hadi 110, kisha 92. Ngozi yake ni baridi, naye hatulii kitandani. Mtu aliyekariri kitabu ataweza kutaja kiwango cha kawaida cha kila kipimo. Muuguzi mwenye busara ataziona namba hizo zote kwa pamoja na kutambua kwamba huenda mgonjwa anavuja damu ndani, na kwamba hapana nafasi ya kungoja saa tano.

Watungaji wa mtihani wameigawa busara hiyo katika hatua sita: kutambua dalili zenye maana, kuzichambua, kuamua hatari ipi itangulie, kutafuta njia za kuikabili, kutenda, na mwisho kupima kama tendo limeleta nafuu. Msomaji aliyepita mafunzo ya kijeshi atacheka kidogo, kwa maana hatua hizi si ngeni kwake. Mlinzi aliye lindoni husikia kijiti kikivunjika, hujiuliza ni mnyama au ni mtu, huchagua la kufanya, hutenda, kisha huangalia tena. Mlinzi anayesikia kijiti na kuandika tu kitabuni kwamba “kijiti kimevunjika” hajalinda kitu.

Kwa nini Wamarekani waliona haja ya kubadili? Mwaka 1999 taasisi yao ya tiba ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba kati ya watu 44,000 na 98,000 walikuwa wakifa kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo kwa sababu ya makosa ya matibabu. Nchi yenye mitambo na fedha nyingi iligundua kwamba mitambo haimlindi mgonjwa ikiwa mtu aliye karibu naye haoni, au anaona na kunyamaza.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwezi wa Oktoba 2000, katika hospitali ya Lacor karibu na mji wa Gulu, wanafunzi wa uuguzi walianza kufa kwa ugonjwa usiojulikana. Daktari Matthew Lukwiya, aliyekuwa Kampala masomoni, aliitwa arudi. Usiku alipofika alikaa na majalada ya wagonjwa, akayasoma moja baada ya jingine, akatafuta kinachoyaunganisha. Aliona homa isiyosikia dawa, aliona damu, na aliona kwamba waliokuwa wakifa walikuwamo wauguzaji wenyewe. Hakungoja majibu ya maabara. Alianzisha wodi ya kuwatenga wagonjwa, na akampigia simu moja kwa moja kamishna aliyehusika katika Wizara ya Afya, bila kupitia ngazi za kawaida. Majibu yalipokuja yalithibitisha kwamba ni Ebola. Watu 425 waliugua na 224 walikufa. Bila usiku ule mmoja wa kusoma na kuamua, hapana shaka hesabu ingekuwa kubwa zaidi.

Hapa pana jambo linalomgusa askari kwa namna ya pekee, nalo ni utii. Tumefundishwa kwamba amri hutekelezwa. Je, muuguzi anayesita kutekeleza agizo la daktari ni mkosefu wa nidhamu? Mtihani wa leseni hujibu bila kusitasita. Daktari akiwa ameagiza dawa ya moyo iitwayo digoksini, na muuguzi akahesabu mapigo ya mtu mzima akayakuta chini ya 60 kwa dakika, atazuia dozi hiyo na kumwarifu daktari mara moja. Muuguzi huyo hajaasi. Daktari alitoa agizo akiwa na hali ya asubuhi machoni pake, na muuguzi anayo hali ya sasa vidoleni mwake. Mkuu mwema hutaka kuarifiwa kwamba daraja limevunjika kabla magari hayajafika mtoni.

Ifakara, nchini Tanzania, ilikuwa mojawapo ya sehemu nane duniani zilizoijaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mambo 19 ya kuhakikishwa katika upasuaji. Kwa orodha hiyo mpasuaji, mtoa usingizi na muuguzi huulizana kwa sauti, bila kujali cheo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba katika hospitali hizo nane kwa jumla, vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila wagonjwa 100.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba mtihani peke yake huleta usalama. Muuguzi mmoja aliyeachiwa wodi nzima usiku hawezi kuona mapigo ya kila mtu yakipanda, hata awe amefaulu mitihani yote ya dunia. Lukwiya alijua alichokuwa akipambana nacho, lakini tarehe 5 Desemba 2000 Ebola ilimwua yeye mwenyewe, baada ya kuwaua wenzake kadhaa wa Lacor. Ujuzi wahitaji glavu, dawa, watu wa kutosha na muda wa kulala. Anayedai uangalifu kwa muuguzi na kumnyima vitu hivyo anampeleka mlinzi lindoni bila risasi.

Nasi wagonjwa tuna wajibu wetu. Askari asitumie cheo chake kudai sindano katika zahanati ya kambi. Asifiche kwamba alikwisha kunywa dawa za dukani, au kwamba amemzika ndugu aliyekufa kwa homa isiyojulikana. Muuguzi akimwuliza jina lake mara ya pili kabla ya kumpa dawa, asikasirike. Hilo ni neno la siri la lindo lake, na kila apitaye hana budi kulijibu. Na afisa anayesimamia zahanati asimkemee muuguzi aliyemwamsha saa nane usiku kwa jambo ambalo baadaye limeonekana dogo. Akimkemea leo, kesho hataamshwa.