Msinunue printa kwa namba kubwa

Mwandishi aliyewashauri wazazi wachague printa ya nyumbani kwa kutazama kasi na wingi wa nukta amewapotosha, na gharama ya kosa hilo wataibeba wao.

Chukua Epson L3250, inayochapa, kuskani na kutoa kopi. Sifa zake zinataja kurasa 33 kwa dakika. Hiyo ni kasi ya rasimu, yenye maandishi yaliyofifia. Teremka mistari michache utakuta kipimo cha ISO: takriban kurasa 10 kwa wino mweusi na 5 kwa rangi. Hiyo ndiyo kasi ya kazi ya kawaida, naye hakuigusa kabisa.

Nukta 5760 kwa 1440 kwa inchi zinazotajwa kwenye sifa za printa hii nazo zina mahali pake: karatasi ya picha. Kwenye karatasi ya kawaida wino hunywewa na nyuzi na kusambaa, kwa hiyo barua ya shule haitapendeza zaidi. Kuskani cheti, nukta 300 kwa inchi zinatosha.

Alichopaswa kuulizia ni wino. Chupa nyeusi ya printa hii inakadiriwa kurasa 4,500; katriji ndogo za printa nyingi za bei ya chini hutoa mia na ushei. Hata hayo ni makadirio ya kurasa za majaribio. Printa iliyokaa wiki bila kazi husafisha matundu yake kwa wino uleule ulioulipia.

Na kuchapa pande mbili? L3250 haigeuzi karatasi yenyewe; utaigeuza kwa mkono. Kwa anayechapa mitihani ya mazoezi kila jioni, kugeuza karatasi kwa mashine ni sifa yenye uzito zaidi kuliko nukta zote alizozisifu.