Tuchimbe kabla ya vuli

Masika haya, usiku wa mvua kubwa, nilisimama barazani Mbagala nikaona majirani wakitoka mmoja mmoja na viroba mgongoni. Gari la taka lilikuwa halijapita kwa wiki kadhaa. Mvua ilipochanganya, watu wakaona ndiyo nafasi: wakamwaga kila kitu mtaroni, maji yachukue. Hakuna aliyemkemea mwenzake. Kulipokucha kalavati la chini lilikuwa limeziba, na maji yameingia kwenye nyumba za bondeni. Katika mojawapo, mama mwenye kichanga alikuwa amekaa juu ya meza, godoro limelowa chapachapa, na sebuleni kwake yanaelea maganda ya ndizi, machicha ya nazi, mabua ya mchicha na majani ya mwembe. Vimetoka majikoni na uwani kwetu sisi tunaokaa juu.

Sababu kila mtu anazijua: mkandarasi anachelewa, ada ya taka hailipwi, njia za mitaani hazipitiki, na mji umetanuka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Yote kweli. Lakini usiku ule hakuna mkandarasi aliyebeba kiroba. Tulivibeba wenyewe, tukijua kabisa mtaro unaelekea wapi na nani analala kule.

Na huu si mchezo mpya. Wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kupinga dampo lililokuwa likiwafukiza, na mahakama ikawasikiliza. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakafungua kesi mwaka 1991, wakashinda. Ikaja Vingunguti, ikaja Mtoni hapa hapa Temeke, na sasa ni Pugu Kinyamwezi. Kila mara mtaa mmoja ulipopata nafuu, mwingine ulianza kuvuta moshi na harufu. Gari linalotoka Bunju linakatiza jiji zima kwenda kumwaga Pugu, na sehemu kubwa ya mzigo wake ni maganda yaliyojaa maji. Tunanunua dizeli kusafirisha maganda ya viazi!

Fungua kiroba chako leo utazame. Toa chupa, toa pampasi, toa makopo. Kinachobaki, nacho ni zaidi ya nusu, ni kile kinachooza. Ndicho kinachonuka, ndicho kinachoita nzi na panya, ndicho kinachofanya gari likichelewa iwe balaa. Kibaki uwani kwako, na kiroba chako kitaweza kumsubiri mkandarasi siku kadhaa zaidi bila kuleta balaa.

Wengi wetu tumetoka kwenye watu waliojua jambo hili. Bibi wa Bukoba hakutupa ganda la ndizi nje ya kibanja chake, wala Mchagga hakuchoma majani ya kihamba. Iweje mtoto wa watu hao, akishajenga Chamazi au Boko kwenye mchanga mtupu usioshika hata mchicha, kila jioni afagie majani, ayachome, amfukize mtoto wa jirani mwenye pumu, kisha Jumamosi aende kununua kiroba cha mboji kwa wauza miche? Kwa hili siwezi kuwa mpole. Mwenye kiwanja, mwenye mwembe, mwenye jembe, halafu anamwaga mtaroni, anamwonea jirani yake.

Kazi ya kutengeneza mboji si ngumu. Chagua kona yenye kivuli, mbali na kisima. Chimba mashimo mawili, kina cha magoti au kidogo zaidi. Kama unakaa bondeni ambako maji ya ardhini yako karibu, usichimbe. Panga lundo juu ya ardhi, ulizungushie mbao chakavu au matofali. Chini tandaza vijiti vikavu ili hewa ipite. Kila jioni mwaga taka za jikoni, kisha zifunike kwa majani makavu mara mbili ya kipimo chake. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanamwaga maganda matupu, yananuka, wanasema mboji haifai mjini. Harufu ni dalili kwamba maji yamezidi na hewa haipiti. Ongeza majani makavu, randa za fundi seremala au maboksi yaliyochanwachanwa, kisha geuza kwa chepe. Ukichota konzi ukaiminya, iwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Choma kijiti katikati, kiache kidogo, kichomoe ukishike: kikiwa cha moto, kazi inaendelea. Geuza kila wiki. Mvua ikija, funika kwa bati kuukuu.

Nyama, utumbo wa samaki na mafuta usitie, vitaleta panya. Ukoko wa ugali ufukie katikati kabisa. Vifuu na makumbi ya nazi viweke kando, vinachelewa mno kuoza. Shimo la kwanza likijaa, lifunike uanze la pili. Kwa joto letu hili, baada ya miezi mitatu hivi utakuta udongo mweusi unaonukia kama shamba baada ya mvua. Upe matembele na mipapai yako.

Nyumba za kupanga zina ugumu wake, sikatai. Wapangaji wanaweza kuchanga wakanunua pipa moja, wakalitoboa matundu ubavuni na chini, na baba mwenye nyumba akatoa kona. Mama lishe na wenye magenge wakubaliane na mwenye bustani aliye karibu. Kila mtaa utaona wenyewe namna.

Msiniambie haiwezekani Dar es Salaam. Manispaa ya Kinondoni, kwa kushirikiana na jiji la Hamburg la Ujerumani, imejenga kiwanda cha mboji Mabwepande chenye uwezo wa kupokea tani 50 kwa siku. Bonyokwa, asasi ya Nipe Fagio imewaonyesha wakazi kutenganisha taka mlangoni. Lakini kiwanda kile ni kwa taka za masokoni. Hakitakuja kuchukua machicha ya nazi jikoni kwako.

Nawasihi, ndugu zangu wa Temeke na Kinondoni. Maradhi ya uchafu hayasubiri mvua: kipindupindu cha 2015 kilianzia Kinondoni mwezi Agosti, hata vuli haijafika. Wajumbe wa mashina, itisheni kikao, mpite nyumba kwa nyumba mkaulize: shimo lenu liko wapi? Wenyeviti wa mitaa, Jumamosi ya usafi, ile ya mwisho wa mwezi, tusikusanye tena majani kando ya barabara yakisubiri gari. Siku hiyo tuchimbe, na vijana wawachimbie wazee na wajane. Na usiku wa mvua, ukimwona jirani anatoka na kiroba kuelekea mtaroni, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi na wenzangu wote. Toka, msimamishe, mwambie arudi nacho, na ukamsaidie kuchimba kesho yake asubuhi.