Mashabiki Wana Haki ya Kukandia Muvi Kabla Haijatoka

Leo mada ni Jurassic World. Mnakumbuka mwaka 2013, muongozaji Colin Trevorrow alipotangaza kwamba dinosaria wake hawatakuwa na manyoya? Wapenzi wa dinosaria walichachamaa kweli. Novemba 2014 kikatoka kionjo: bustani imefunguliwa, watalii kibao, Chris Pratt juu ya pikipiki na velociraptor wanakimbia pembeni yake kama mbwa wa kufuga. Kelele zikaanza upya: jamani, ndio hawa waliotutisha kwenye ile ya 1993?

Wengi husema mashabiki wana gubu, wasubiri kwanza waione. Mimi nakataa. Suala la manyoya halikuwa chuki. Mwaka 2007 wanasayansi walionyesha alama za manyoya kwenye mfupa wa mkono wa velociraptor, yaani ushahidi ulishakuwepo. Na watoto wengi wanamjua dinosaria kupitia muvi hizi, siyo vitabu. Muvi ikikosea, darasa zima limekosea.

Najua mtaniambia ilitoka Juni 2015 ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Sawa, lakini mauzo hayajibu hoja. Na mwaka 2022 Jurassic World Dominion ikaleta dinosaria wenye manyoya! Sisemi ni kelele zile tu, ila waliosema mashabiki wanabwabwaja hapo wameumbuka.

Kukandia kwa hoja nako ni mapenzi. Asiyejali wala hasemi kitu. Au nyie mnaonaje? Nawakilisha, ngoja nirudi kupiga msuli.