Fomu Si Kitendawili: Kiswahili na Mikunjo ya Mtandaoni

Mji wa Sultan Hamud, ulio kandokando ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi katika Kaunti ya Makueni, unabeba jina la Hamud bin Muhammed, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1896 hadi 1902. Sokoni hapo, Mkamba na Mmaasai wanapopatana bei ya mbuzi, hupatana kwa Kiswahili. Hata hivyo, mmoja wao akitoka sokoni na kuingia saiba ili aombe cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, aghalabu hukaribishwa na fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Tangu jukwaa la eCitizen lilipoanzishwa mwaka 2014, huduma nyingi za serikali ya Kenya zimehamia mtandaoni. Fomu zenyewe ni ndefu, ilhali kioo cha simu ni kidogo. Wasanifu wa tovuti wamebuni njia ya kupunguza uzito huo: fomu hugawanywa katika sehemu, na kila sehemu hupewa kichwa ambacho kikiguswa huifungua au kuifunga. Kiswahili kina maneno tayari ya kulieleza jambo hili. Sehemu hukunjwa, kisha hukunjuliwa, kama ilivyo katika kufunga na kufungua au kuziba na kuzibua. Basi na tuuite mkunjo.

Mkunjo ni mbinu nzuri. Fomu yenye maswali arobaini yaliyopangwa wima humtisha mtu kabla hajaandika hata jina lake. Lakini yafaa kukumbuka kwamba sehemu inapokunjwa, yote yaliyomo hutoweka machoni, na msomaji hubakiwa na kichwa pekee. Maneno mawili au matatu ndiyo yanayomwambia iwapo afungue au apite. Asipoyaelewa, kwake mkunjo huwa ukuta. Makala haya yanadai kwamba mkunjo ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la ufundi, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kulishughulikia.

Wahenga walisema, fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua. Kitendawili kina haki ya kufumba, kwa kuwa anayetegewa amekwisha kuitikia "Tega!" na anajua kwamba amealikwa katika mchezo. Mwombaji wa cheti hajaitikia chochote. Yeye hukaa kando ya mhudumu wa saiba, akataja nambari ya kitambulisho na tarehe za kuzaliwa, huku mhudumu akijaza. Mwishoni huwa kuna tamko kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli. Tamko hilo likiwa ndani ya mkunjo wenye kichwa asichokielewa, mama huyo huwa ametia saini asilolisoma, na kosa likitokea litakuwa lake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mtu itolewe akijua anachokiridhia. Idhini iliyofichwa mkunjoni haiwezi kuitwa ya kujua.

Kwa hiyo mkunjo mwema una masharti yake. Kwanza, kichwa kitaje kilichomo: "Wazazi wa mtoto" ni bora kuliko "Taarifa za ziada". Pili, kichwa kionyeshe kama sehemu imekamilika au bado. Tatu, penye kosa, mkunjo ujifungue wenyewe. Swali la lazima likiachwa wazi ndani ya sehemu iliyofungwa, mtu huweza kubofya kitufe cha kutuma mara kadhaa bila kujua kwa nini fomu haiendi. Nne, asiyeona anayetumia programu ya kusomewa maandishi aambiwe iwapo sehemu imefungwa au imefunguliwa. Hatimaye, lile ambalo kila mwombaji ni lazima alisome, kama vile ada na tamko, lisikunjwe kabisa.

Wapo watakaosema kwamba Wakenya wamesomeshwa kwa Kiingereza, na kwamba mhudumu wa saiba yupo. Hoja hiyo haitoshi. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sawia na Kiingereza. Tena, mhudumu ni msaidizi wa hiari ya mtu. Asigeuzwe kuwa macho yake ya lazima.

Je, wataalamu wa Kiswahili wako wapi? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba istilahi zinapatikana. Lakini istilahi peke yake si matini. Kuchagua maneno matatu yatakayomfanya mtu aliye sokoni ajue afungue wapi ni kazi ya anayejua mtindo, muktadha na hadhira, mambo ambayo idara zetu hufundisha kila muhula.

Basi vyama vya wanafunzi vichukue fomu moja tu, viandike vichwa vyake kwa Kiswahili, kisha viende Sultan Hamud siku ya soko na kuwapa watu waisome. Pale msomaji atakaposita, hapo ndipo penye kazi yetu.