Mita moja na nusu kwa mwenye baiskeli

SAFU YA JUMAPILI
Na Mwanaidi Kombo

Masika yakishaanza Dar es Salaam, mtu wa kwanza kupata tabu barabarani ni mwenye baiskeli. Maji hutuama pembeni, kule kule anakoambiwa akae, na chini ya maji hayo kuna kila balaa: lami iliyomegwa na malori, chemba isiyo na mfuniko, mchanga uliosombwa kutoka mitaani. Muuza samaki aliyetoka Feri na tenga lake kwenye keria hawezi kuona kilichofichwa na dimbwi, kwa hiyo anafanya ambalo kila mwenye akili angefanya: anasogea kulia, kwenye lami anayoiona. Dereva aliye nyuma halioni dimbwi, anaona baiskeli iliyomzibia njia. Anapiga honi, anapita akimwachia nafasi ya kiganja, na jioni anasimulia kwamba watu wa baiskeli hawana adabu. Nasema dereva huyo amelelewa na mazoea yetu na kudekezwa na sheria yetu. Na marekebisho ya kwanza yanayotakiwa hayahitaji mkopo wa benki yoyote: umbali wa kumpita mwenye baiskeli utajwe kwa namba, na mwendo ushuke hadi kilomita 30 kwa saa pale magari na baiskeli vinapotumia njia moja.

Kwa sasa kikomo cha mwendo kwenye maeneo ya makazi nchini ni kilomita 50 kwa saa. Namba hiyo inaonekana ya upole hadi uipigie hesabu. Gari linalokwenda 50 hupita karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde moja ndiyo dereva mzima, asiyeshika simu, huitumia kabla mguu haujagusa breki. Nguvu ya mgongano nayo hukua kwa mraba wa mwendo, maana yake pigo la gari lililo kwenye 50 ni karibu mara 2.8 ya pigo la gari hilo hilo likiwa kwenye 30. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwendo wa wastani unapopanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Shirika hilo lilihesabu vifo milioni 1.19 vya barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Ndiyo maana mawaziri waliokutana Stockholm mwezi Februari 2020 walitamka kikomo cha 30 kwa maeneo ambako watu na magari huchanganyika. Azimio hilo lipo, na Umoja wa Mataifa ukaliunga mkono mwaka huo huo. Lililobaki ni kulishusha mpaka Tandale na Mbagala.

Umbali una hoja yake. Baiskeli yenye mzigo haiendi mstari ulionyooka, husimama kwa kuyumba, na kadiri inavyokwenda polepole ndivyo inavyoyumba zaidi. Basi likiipita kwa kasi, upepo wake humsukuma mtu kwanza, kisha humvuta. Ujerumani iliandika kwenye sheria yake mwaka 2020 kwamba dereva aache mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Ufaransa inataka mita 1 mjini na 1.5 nje, na Hispania inataka 1.5. Wapo watakaouliza kama trafiki atasimama na futi kamba barabarani. Hatasimama, na wala hakuna haja. Namba hiyo kazi yake kubwa ni kwenye shule ya udereva, na mahakamani baada ya ajali, ambako leo "nilimwachia nafasi ya kutosha" ni neno la dereva dhidi ya mtu ambaye mara nyingi hawezi tena kusema. Isitoshe, kwenye barabara zetu nyembamba mita 1.5 haipatikani bila kuvuka mstari wa katikati. Dereva akiona upande wa pili unakuja gari, itambidi asubiri nyuma ya baiskeli kama anavyosubiri nyuma ya trekta. Hapo ndipo baiskeli inapohesabiwa kuwa chombo cha usafiri, badala ya kitu cha kukwepwa.

Pingamizi linalosemwa kwa sauti kubwa kuliko yote ni la kodi: mwenye baiskeli halipii barabara, basi na apishe. Tuliangalie kwa makini. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya leseni ya magari ya kila mwaka na kufidia pengo kwa kuongeza ushuru wa mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Nyongeza hiyo iliwekwa kwenye petroli, kwenye dizeli na kwenye mafuta ya taa. Yaani bibi anayewasha kibatari Kisarawe, ambaye hajawahi kumiliki hata tairi, alichangia kumfutia mwenye gari ada yake. Sijui tumwambie naye akae pembeni. Halafu kuna suala la nani anaiharibu barabara. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, ambayo wahandisi wameyategemea tangu wakati huo, yalionyesha kuwa uharibifu wa lami hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 huichosha barabara kama mara 10,000 ya ekseli ya tani 1. Kwa hesabu hiyo, mchango wa baiskeli kwenye yale mashimo inayolazimika kuyakwepa ni karibu na sifuri. Tukiamua kwamba kila mtu alipe kadiri anavyoharibu, sidhani kama wenye magari watafurahia ankara yao.

Pingamizi la nidhamu lina ukweli ndani yake. Wapo wanaoendesha usiku bila taa wala kiakisi mwanga, na wapo wanaokuja kinyume na magari wakidai wanataka kuwaona wanaowakabili. Hili la pili ni kosa kubwa, kwa sababu mwendo wa gari na wa baiskeli hujumlishwa: 50 na 15 ni 65, na muda wa kukwepana unaisha. Trafiki wawakamate, nami nitaunga mkono. Ila mwenye gari amefanya mtihani na kupewa leseni. Mwenye baiskeli anaweza kuwa mtoto wa miaka 12 anayekwenda shule, na sheria ya barabara lazima imkute huyo mtoto alivyo.

Wengine wanasema tujenge njia za baiskeli, mambo yaishe. Zijengwe, tena haraka. Lakini kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ni asilimia 0.2 tu ya barabara zote duniani zilizo na njia hizo. Sisi wenyewe tulizipata pamoja na mwendokasi mwaka 2016, kandokando ya Barabara ya Morogoro, na mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Pita leo uone nani yumo: bodaboda anayekwepa foleni, meza ya matunda, gari lililoegeshwa "dakika mbili tu". Hata zikisafishwa, hakuna njia itakayomfikisha mtu kutoka mlangoni kwake Mabibo mpaka kazini bila kuchanganyika na magari. Uholanzi, ambako watu 3,300 walikufa barabarani mwaka 1971, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto, ilijenga njia kwa miongo kadhaa baada ya wazazi kuandamana. Lakini mitaa mingi ya makazi huko mpaka leo haina njia ya baiskeli. Ina kikomo cha 30.

Na foleni je? Kilomita 2 kwa mwendo wa 50 ni dakika 2 na sekunde 24, na kwa mwendo wa 30 ni dakika 4. Tofauti ni sekunde 96, tena kwa dereva ambaye njia nzima iko wazi mbele yake. Huyo mtu Kariakoo saa moja asubuhi hayupo.

Kwa hiyo marekebisho ya Sheria ya Usalama Barabarani, ya mwaka 1973, yanahitaji vifungu viwili vifupi: mita 1.5 kwa kila anayempita mwenye baiskeli, na kilomita 30 kwenye mitaa ya makazi, masoko na shule. Wakati wabunge wanajadiliana, TARURA na TANROADS wanaweza kuzibua mitaro, kurudisha mifuniko ya chemba na kuziba mashimo ya pembeni kabla ya Machi, kwa sababu masika hayasubiri kusomwa kwa mara ya pili kwa muswada.